Msianze Mpaka Nirudi

Ratiba ya likizo ya Pasaka ilibandikwa kwenye mlango wa friji kwa plasta ya kidonda, kwa kuwa gundi ilikuwa imekwisha. Aliyeiandika ni Wakili, binti wa miaka kumi na mmoja, aliyepachikwa jina hilo kwa sababu hakubali neno mpaka alihoji. Jumatatu, kutafuta biskuti za Bibi. Jumanne, sinema ya vivuli kwa shuka na tochi. Jumatano, kujenga hema sebuleni kwa viti na mablanketi. Alhamisi, kupaka mayai rangi. Ijumaa na Jumamosi zilikuwa na alama za kuuliza. Jumapili, Pasaka yenyewe, keki. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: Jumatatu ya Pasaka, BWAWA LA KUOGELEA NA MAMA. AMEAHIDI.

Mama aliisoma akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi, akaweka sahihi yake pembeni kama alivyotakiwa.

"Umesaini," Wakili alisema. "Usije ukatuletea habari za kazi."

"Sileti."

"Na mimi shahidi!" alidakia Redio, mdogo wake wa miaka minane, ambaye hakuna aliyewahi kukipata kitufe cha kumzima.

Wa tatu, Kidonge, alikuwa na miaka minne, mdogo na wa mviringo kama jina lake. Alikuwa amekaa juu ya mguu wa Bibi, kaukumbatia kwa mikono miwili, akingoja Bibi atembee ili naye apate usafiri.

Kazi ya Mama ilikuwa kola. Katika karakana ya sare za shule kulikuwa na mafundi wa mikono, wa mifuko, wa vifungo na matundu yake. Yeye alishona kola tu, kuanzia asubuhi mpaka jioni, na wenzake walimwita Mama Kola. Watoto wakifunga shule ndipo karakana inapopamba moto, maana sare za muhula mpya zote hushonwa katika wiki hizo. Kuomba ruhusa wakati huo ni kujitafutia maneno. Baba wa watoto alishahamia kwenye maisha mengine. Kwa hiyo likizo nzima ilimwegemea mtu mmoja: Bibi, mama yake Mama, aliyekuja kuishi nao baada ya kustaafu upishi wa shule ya bweni.

Biskuti zilikuwa mchezo wa Bibi tangu Wakili hajaota meno. Kila likizo ya Pasaka alizioka kwa umbo la yai, akazipaka sukari ya rangi: buluu za Wakili, kijani za Redio, waridi za Kidonge, nane nane kwa kila mtoto. Kisha aliwafungia watoto bafuni, taulo vichwani, wasichungulie, akazificha nyumba nzima. Hakuandika popote.

"Kichwa hiki kimelisha watoto mia nne," alikuwa akisema, akijigonga paji la uso. "Kishindwe na biskuti ishirini na nne?"

Jumatatu jioni Mama alirudi akawakuta wamelala chali sakafuni, midomo ya rangi rangi, wanasimuliana. Moja ilikuwa ndani ya kiatu cha mvua. Moja nyuma ya saa ya ukutani. Moja kwenye pindo la pazia, nyingine chini ya sufuria iliyofunikwa, na ya mwisho, waridi, ndani ya kabati la nguo la Bibi, kwenye mfuko wa koti. Mama alicheka nao, akala kipande alichowekewa, akalala ametulia.

Jumanne jioni midomo yao ilikuwa ya rangi tena.

"Leo si ilikuwa sinema?" aliuliza.

"Bibi ameoka upya," Redio alisema. "Likizo ya mwaka huu ni kiboko!"

Wakili alimvuta mama yake jikoni, akasukuma mlango kwa kisigino. "Mama, alituambia leo ndiyo leo, kila mtu bafuni. Nikamwambia, Bibi, tulicheza jana. Akanitazama kama nimemtukana. Na amezificha mahali pale pale. Kiatu, saa, pazia. Pale pale."

Mama aliosha kikombe ambacho kilikuwa safi. Mambo hayo hayakuwa mageni kwake. Alishakuta kitana ndani ya kopo la sukari. Alishakuta vijiko kwenye friji, vimepangwa vizuri, vikubwa kwa vidogo. Miezi kadhaa alikuwa akiyaona na kuyakunja kama fundi anavyokunja kitambaa chenye kasoro, upande mzuri ukae juu. Kasoro hiyo akiitaja kwa sauti itabidi aseme na neno la pili: nani atakaa na watoto?

"Bibi amechoka tu," alisema. "Sikilizeni. Akisema jambo, msimbishie. Akificha, tafuteni. Akisema leo ni Jumatatu, basi ni Jumatatu. Mkimbishia anaumia."

"Hata akikosea?"

"Hata akikosea. Wakili, nakuomba. Hili usilihoji."

Wakili alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza, na Mama aliona kwamba ilimgharimu.

Jumatano ikawa biskuti. Hema halikujengwa. Redio alijua kila biskuti ilipo lakini alipita mbali kwa makusudi, akipiga kelele, "Baridi! Baridi kabisa!" ili Bibi apate kucheka. Bibi alicheka mpaka akajishika mbavu. Kwa kweli hakuna likizo nyingine nyumba ile iliyokuwa na kicheko kingi hivyo.

Alhamisi Mama alirudi saa kumi na moja na nusu, vidole vimekakamaa kwa sindano na chaki. Aliwakuta Wakili na Redio wanapaka mayai rangi mezani. Bibi alikuwa jikoni, anamenya viazi, ganda moja refu lisilokatika.

"Kidonge kalala?"

Redio alicheka. "Mama bwana! Si uko naye wewe?"

Mama alitazama nyuma yake, kama kwamba kweli huenda alikuja naye.

"Uko naye," Redio alirudia, safari hii polepole. "Ulikuja saa sita ukamchukua. Sisi tulikuwa bafuni."

"Nani kasema?"

Watoto walitazamana. Wakili alishaweka brashi chini. "Bibi alisema leo unga umekwisha, atatufichia kitu kingine. Tukaingia bafuni, taulo kichwani. Tukakaa, tukakaa. Tulipotoka tulimkuta anaosha vyombo. Nikamuuliza Kidonge yuko wapi, akasema, mama yenu kaja kamchukua, wameenda kazini." Akamgeukia mama yake. "Nilitaka kuhoji. Ulisema tusimbishie."

Mama aliingia jikoni. "Mama, Kidonge yuko wapi?"

"Si yuko na mama yake," Bibi alisema bila kuinua macho.

"Mama yake ni mimi. Mimi huyu hapa."

Kisu kilisimama. Ganda likakatika. Bibi alimtazama kwa upole wa mtu anayeulizwa njia katika mji asioujua.

Mama alitoka mbio. Aliita uani, akaita kwa jirani wa kushoto na wa kulia, akachungulia ndani ya pipa la maji, akachungulia tena ingawa maji yalikuwa meupe na yanaonekana mpaka chini. Mwenye duka la kona hakumwona. Akarudi ndani. Wakili alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono imebana mbavu.

"Mama, Bibi huwa anaficha mahali pale pale."

Wakapapitia kwa mpangilio ule ule. Viatu vya mvua. Saa. Pazia, wakalikung'uta. Sufuria kubwa. Kisha chumba cha Bibi, na kabati la nguo. Lilikuwa limefungwa, na ufunguo haupo.

"Kidonge!" Mama alipiga ubao kwa kiganja. "Kidonge, mama!"

Hakuna aliyejibu. Redio alikimbilia jikoni akarudi na mkebe mtupu wa biskuti, mahali Bibi alipozoea kutumbukiza vitu vyake. Ufunguo uligonga ndani yake.

Kidonge alikuwa amekaa kati ya magauni ya Bibi, magoti kifuani, nguo imelowa mkojo, mikono miwili imeziba mdomo. Nywele zilimganda usoni kwa jasho. Hakulia. Alimtazama mama yake, kisha akachungulia nyuma yake, akimtafuta mtu mwingine.

"Si wewe," alisema. Sauti ilikuwa imekauka. "Bibi ndiye anitafute. Alisema nisitoke wala nisiseme mpaka aje yeye."

Alikuwa humo kwa muda wa saa tano na nusu. Nyuma ya kabati ubao mmoja ulikuwa umeachana na mwenzake, ufa wa upana wa kidole uliopitisha hewa, na Mama alikaa sakafuni na mtoto wake mapajani akiutazama ufa ule, hawezi kuondoa macho.

Bibi aliingia akifuta mikono kwenye aproni. "Kumbe umejificha huku!" Akapiga makofi. "Haya, umeshinda! Mshindi wangu!"

Alitanguliza mguu mmoja, kama kawaida yao. Kidonge aliutazama mguu ule, akageuza uso akauficha kifuani kwa mama yake.

Baada ya kumwogesha mtoto, Mama alimpigia simu kaka yake, fundi wa majokofu aliyeishi mji mwingine. Alimweleza yote kwa mpangilio, hakuficha wala hakujitetea. 

"Nitakuja Jumapili na gari," kaka alisema. "Kwangu chumba kipo. Kile cha nyuma."

"Cha vyombo vibovu?"

"Nitavitoa. Dada, mimi nashinda kwa wateja, na wifi yako naye ana kazi yake. Kile kina komeo kwa nje. Angalau hatapotea."

Mama alishika simu kwa mikono miwili. Mbele yake, kupitia mlango, aliliona kabati.

"Una njia nyingine?" kaka aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kweli kujua.

"Sina."

Ijumaa Mama hakwenda karakana. Jumamosi Bibi aliomba unga, na Mama alikwenda kuununua. Bibi akaoka, akapaka rangi, wala mkono wake haukukosea hata kidogo. Kila yai lilikuwa sawa na mwenzake. Mama alizibeba funguo zote za nyumba kwenye fundo la kitambaa kiunoni.

Jumapili asubuhi, keki ikiwa bado ya moto, Bibi aliwaingiza watoto bafuni. Kidonge hakukubali kuingia. Alikaa mgongoni kwa mama yake, macho wazi, akamwona Bibi anavyoficha zote ishirini na nne. Kabla hawajaitwa watoke, gari lilipiga honi.

"Kaka amekuja kukupeleka matembezi, Mama," Mama alimwambia Bibi, na maneno yalimtoka laini, kama ya mtu aliyeyazoea.

"Matembezi!" Bibi alifurahi. Alivaa koti lake zuri, akatia mkono mfukoni, akakitabasamia kwa siri kitu alichokigusa humo, akakiacha pale pale, kisha akalivua na kulirudisha kabatini. "Hili libaki. Lina kazi." Mlangoni aligeuka, kidole juu. "Nimeshawafichia. Ila msianze mpaka nirudi. Mtu akianza nitajua."

"Hatuanzi, Bibi," alisema Redio.

Kaka alipakia begi. Hakumtazama dada yake machoni, naye hakumlaumu. Bibi alipunga mkono dirishani mpaka gari lilipokata kona.

"Anarudi lini?" Wakili aliuliza.

Mama alianza kukusanya vikombe.

"Sawa," Wakili alisema, na hakuuliza tena.

Jioni ile msimamizi wa karakana alituma ujumbe. Ijumaa iliyokosekana ilipwe kesho, sikukuu au si sikukuu. Asipoonekana, kiti chake kina watu wanaokingojea. Mama aliusoma mara mbili, akaenda mpaka kwenye friji ili amweleze Wakili, akakuta ratiba imeshabanduliwa. Pale ilipokuwa palibaki vipande viwili vya plasta.

Jumatatu ya Pasaka iliamka na mvua. Mama alimpa Wakili ufunguo wa mlango wa mbele na maagizo: jiko lisiguswe, mlango usifunguliwe kwa mtu, Kidonge asiachwe peke yake hata chumba kwa chumba. Wakili aliitikia kila moja kwa kichwa. Alikuwa ameushika ufunguo ule kama kitu cha moto, na hakuhoji hata neno moja.

Mlangoni Mama alitumbukiza mguu kwenye kiatu cha mvua. Vidole vikagusa kitu, kikamumunyika kidogo.

"Usiitoe," Kidonge alisema nyuma yake. "Bibi hajarudi."

Mama alisimama hivyo kwa mguu mmoja, mkono ukutani. Kisha akautoa mguu taratibu, akakisimamisha kiatu vizuri kando ya mwenzake, akavaa ndara, akatoka nazo kwenye mvua.