Mtoto wa Kopo

Miaka ile maduka ya Mabatini yalipoanza kujaa vitu mpaka vikamwagikia barazani, palikuwa na saluni moja ambayo mwanamke hakupita mbele yake bila kwanza kujitazama alivyovaa. Ilikuwa saluni ya Queen. Ndani mlikuwa na vioo vitatu, mashine ya kukaushia nywele iliyotoka Dubai, na redio ya kaseti isiyojua kunyamaza. Alichovaa Queen Jumatatu, ifikapo Ijumaa ungekiona kwa wenzake watano. Alipozinyoa nyusi zake zikawa kama uzi, nyusi za mtaa mzima zikawa uzi. Na alipojifungua mtoto wa kike akampa chupa badala ya ziwa, wanawake walitazamana, wakanyamaza wiki mbili, halafu wakaanza kuulizia chupa kama ile inapatikana wapi.

Teodora alikuwa msusi wake. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mumewe, Obedi, alikuwa kwenye kambi ya wavuvi wa sangara visiwani, na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi, pengine miezi miwili. Mtoto wao wa kwanza, Ngosha, wa miezi minne, alilala ndani ya boksi la dawa za nywele chini ya kioo cha mwisho. Akilia, mama yake aliacha msuko, akanawa mikono, akampa ziwa. Basi. Hakuwahi hata kudhani kwamba hapo pana jambo la kufikiria.

Siku moja alikuwa amemwinamia mke wa mwenye duka la spea, anamsuka mistari ya kisogoni, Ngosha akalia. Maziwa hayakungoja. Yalipenya blauzi, na tone likadondokea bega la mteja.

"Jamani! Nimekuja kusukwa au kubatizwa?" mteja akaruka, na saluni nzima ikapasuka kwa kicheko.

Queen hakucheka sana. Alikuwa amempakata mwanawe, soksi nyeupe miguuni, na chupa mkononi imevikwa kifuko cha sufu cha rangi ya waridi. Alisema bila kumtazama msusi wake, "Teo mdogo wangu, utakamuliwa mpaka lini kama ng'ombe wa Sengerema? Mama wa kisasa anabaki na kifua chake, mtoto ana kopo lake. Uende na wakati, mama."

"Halafu watoto wa kopo wanavyonona!" akadakia Precious, binti aliyekuwa akijifunza kazi pale, naye mimba yake ndiyo kwanza inaonekana.

Jioni ile Teodora alijikaza kanga kifuani kwa fundo lililomkata pumzi. Akajipaka shubiri kwenye chuchu. Ngosha alionja, akatema, akamtazama mama yake kama anayeuliza amekosa nini. Alilia siku tatu. Ya nne akaikubali chupa. Ya saba kifua cha Teodora kilikuwa kikavu. Akalia kidogo, asijue analilia nini, kisha akanawa uso akaenda kazini. Chupa ilikuwa ndani ya mkoba, imevikwa kifuko cha sufu ya bluu alichokifuma mwenyewe.

"Karibu mjini!" wakampigia makofi.

Tusiseme uongo, ilikuwa raha. Wateja waliokuwa wakimwita "wewe msusi" walianza kumwita Mama Ngosha. Mke wa mwenye duka la spea alimwuliza sufu ile aliipata wapi. Alipopita kuelekea Nyamagana na mwanawe begani na chupa mkononi, aliona watu wakimtazama, na mgongo wake ulinyooka wenyewe. Binti wa mkulima wa pamba akitazamwa hivyo mjini anaweza kukaa na njaa siku nzima asihisi.

Ila kuna mambo Queen hakuyaanika. Nyuma ya pazia la saluni palikuwa na jiko la mafuta ya taa na sufuria iliyochemka tangu alfajiri, chupa nne zikigongana ndani yake. Chini ya kitanda chake palikuwa na katoni nzima ya makopo. Hayo hakuna aliyeyaona, wala aliyeuliza. Kilichoonekana ni kifuko cha sufu, nacho kila mtu aliweza kukifuma.

Kopo la Teodora liliandikwa vijiko sita. Mwezi wa kwanza aliweka sita. Wa pili akaweka vinne, maana Obedi alichelewa. Halafu viwili. Kisha ikaja habari kwamba nyavu za kambi yao zimeibwa, na Obedi asingerudi mpaka apate nyingine. Teodora alichemsha mchele kiganja kimoja, akauchuja kwa kitambaa, akayakoroga yale maji na sukari. Yalikuwa meupe. Ndani ya chupa hakuna ambaye angeyajua. Alijiambia ni leo tu.

Kopo tupu alilisimamisha dirishani, picha ya mtoto mwenye mashavu ikiangalia njia.

Ilikuwa baada ya Pasaka. Wiki zikapita, na Ngosha akaanza kupendeza. Ndivyo walivyosema wote. Mashavu yake yalijaa, vifundo vya miguu vikatoweka. Ngozi yake ikazidi kuwa nyeupe. Nywele, ambazo alizaliwa nazo nyeusi tii, zikawa laini, zimelala, zenye wekundu kama za mahindi.

"Mwone! Nywele za kizungu, na hajatiwa dawa!" Precious alizipitisha vidole. Yeye alikuwa amejifungua wiki moja tu iliyopita, na tayari amekuja kuonyesha wake.

"Mashavu kama mtoto wa waziri," akasema mke wa mwenye duka la spea. "Na alivyotulia! Wangu angekuwa keshavunja kioo."

Ni kweli alikuwa ametulia. Hakuwa akilia tena. Alikaa pale alipowekwa, akatazama mahali pamoja. Teodora alizipokea sifa zile akacheka, na ndani ya kicheko palikuwa na kitu kilichomkwangua. Alikifunika kwa sifa nyingine.

Mama yake, Kashindye, alivuka na kivuko kutoka Kamanga siku ya Jumanne, amebeba karanga na jogoo. Alimkuta bintiye saluni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niletee mjukuu."

Akampakata. Wanawake walimsifia mtoto, naye akaitikia "ee, ee" huku akimpapasa mgongo, mbavu, magoti. Akaushika mguu mdogo, akaubonyeza kwa dole gumba juu ya unyayo, akahesabu kimoyomoyo, akaachia. Shimo likabaki. Wote walilitazama, shimo dogo la dole gumba kwenye mguu wa mtoto, kama limebonyezwa kwenye udongo wa mfinyanzi. Halikurudi.

"Huyu hajanona," Kashindye akasema. "Huyu amejaa maji."

"Mama, huko ng'ambo hamjazoea kuona watoto wanene," mteja mmoja akatania.

"Nimezoea kuona watoto," akajibu Kashindye bila kumtazama. "Mtoto mnene hucheka. Teodora, chukua kanga yako."

Queen alizima redio. Akafunga saluni mchana ule, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akafuatana nao hospitali.

Wodi ilikuwa imejaa akina mama, kila kitanda wawili. Nesi aliyewapokea, mwanamke wa makamo aliyeitwa Odeta, alichukua kalamu. "Anakula nini?"

Teodora aliwaona wale akina mama wakigeuka. Mmoja wao alikuwa mteja wa saluni. Queen alikuwa amesimama karibu yake, ananukia vizuri.

"Maziwa ya kopo," akasema.

"Vijiko vingapi?"

"Sita."

"Kweli, sista," Queen akaongeza. "Chupa zake mimi mwenyewe naziona kila siku."

Odeta akaandika. Daktari akasoma kilichoandikwa, akakunja uso. Mtoto anayekula hivyo asingevimba kwa njaa, basi lazima ni figo, au moyo. Wakampima mkojo. Wakamtoa damu, wakarudia. Siku mbili nzima walitafuta ugonjwa uliokuwa umefichwa ndani ya neno moja, na mwenye neno alikuwa ameketi pale pale, ameshika kifuko cha sufu ya bluu.

Siku ya tatu asubuhi walikosa mshipa mkononi, wakaanza kumnyoa zile nywele laini ili wautafute kichwani. Nywele zilitoka na vidole, hazikungoja wembe. Hapo Teodora akainuka.

"Sista. Si maziwa."

"Unasema?"

"Ni maji ya mchele. Tangu Pasaka." Alisema kwa sauti, na wodi nzima ikasikia. "Maji ya mchele na sukari. Hakuna kitu kingine."

Odeta aliiweka chini pamba aliyokuwa ameishika. Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alitembea haraka kwenda kumwita daktari, viatu vyake vikipiga sakafu, na Kashindye akajifunika uso kwa ncha ya kanga.

Queen alimshika Teodora mkono, akamvuta nje hadi penye karo la kufulia, upande usio na watu. Akafungua vifungo vya blauzi yake ya hariri.

"Tazama."

Ziwa la kulia lilikuwa limesinyaa, lina kovu refu lenye mikunjo kama mfuko uliofungwa kamba. La kushoto lilikuwa na makovu mawili.

"Majipu," Queen akasema. "Hili nikiwa msichana, hili mimba ikiwa na miezi saba. Mtoto alipokuja hapakuwa na hata tone. Mama mkwe akasema mwanamke asiye na maziwa ni mkosi. Nikajiambia, wakinionea huruma nimekwisha. Bora wanionee wivu."

"Na mimi ukaniita ng'ombe."

"Wewe ulikuwa na maziwa ya kuwamwagikia watu mabegani, Teo." Aliivuta blauzi ikafunika makovu. "Kila uliponyonyesha nilitamani kukufukuza kazi. Ukaacha, nikapumua. Sikujua kwamba kopo huna. Ningejuaje? Ulikuwa unapendeza."

"Ungeniambia."

"Ungenionea huruma."

"Ningekuonea," Teodora akasema. "Na mwanangu angekuwa ananyonya."

Queen akafunga vifungo, kimoja kimoja.

Walianza kumpa Ngosha maziwa ya wodini, kijiko baada ya kijiko, kwa kufuata saa. Kashindye alimshikisha bintiye mtoto kifuani. Mtoto hakuwa na nguvu ya kuvuta. Siku ya nne, jua limeshapanda, wakati Teodora anamfuta mdomo, mtoto aliacha kumeza.

Walivuka naye kwa kivuko, wakamzika Kamanga, kwa babu yake. Katekista alisali kwa kifupi. Obedi alifika baada ya maziko, miguu ina matope ya ziwa, akakaa nje na wanaume, hakuingia. Ndani, wanawake wa Mabatini walikuwa wamejaa mikekani, wamekuja wote, na saluni ilikuwa imefungwa.

"Mtoto alikuwa mzuri mno," mke wa mwenye duka la spea alikuwa akisema. "Nywele zile, weupe ule. Watu wana macho, jamani."

"Ni jicho hilo."

"Yule bibi wa uani kwenu, Teo, mwenye macho mekundu. Si alimshika mtoto siku ya Matawi? Mimi nilimwona."

"Ee! Hata mimi nilisema."

Teodora alisikia neno lile likipita mkekani, likichukuliwa na huyu, likipokelewa na yule, lina joto, lina faraja. Lingemfaa kila mtu. Lingemfaa yeye, maana mama aliyeuliwa mtoto hupewa pole, haulizwi. Alijua pia mabibi wenye macho mekundu hufanywa nini na wenye mapanga huku kwao neno kama hilo likikomaa. Queen alikuwa ameketi pembeni, macho chini. Karibu na mlango alikaa Precious na kichanga chake, kanga imembana kifua, chupa mpya pajani.

"Hakuna jicho," Teodora akasema.

Wakamgeukia.

"Bibi yule mwacheni. Nilimpa mwanangu maji ya mchele miezi miwili, ili mwone chupa yake ni nyeupe. Mlivyokuwa mnamsifia nywele, alikuwa anakufa. Weupe ule ni njaa. Mashavu yale ni njaa. Mimi nilikuwa nacheka na nyinyi."

Mtu mmoja alisema, "Pole, uchungu unamsemesha," na mwingine akamvuta nguo anyamaze. Mke wa mwenye duka la spea alianza kutafuta kandambili zake. Queen aliinua uso, akamtazama Teodora kwa woga. Teodora aliyaona macho yale, akayaacha. Siri ile haikuwa yake kuitoa.

"Precious," akasema. "Una kopo la pili nyumbani?"

Precious aliigeuza chupa pajani.

"Umekifunga kifua siku ngapi?"

"Sita."

"Fungua."

"Hapa? Mbele za watu, dada?"

"Hapa hapa."

Precious alimtazama Queen, kama walivyozoea wote kumtazama. Queen akatikisa kichwa polepole kukubali, kisha akatoka nje, na hakuna aliyemfuata. Kashindye alisogea kwa magoti, akalegeza fundo la kanga, akamlaza mtoto vizuri, akaingiza chuchu mdomoni mwake kwa vidole viwili. Mtoto akavuta mara tatu, akaachia, akapiga ukelele wa hasira.

"Hamna kitu," Precious akaanza kulia. "Yamekauka. Anaona hamna kitu."

"Mwache alie hapo hapo," Teodora akasema. Alikuwa amekaa nyuma yake, amemwegemeza mgongo kifuani pake mwenyewe, kwa kuwa hakuweza kumtazama mtoto yule usoni. "Mrudishe. Akivuta, yatarudi."

Wakamrudisha. Akavuta, akaachia, akalia. Wakamrudisha tena.