Ndani ya Kifuniko

Mume wangu Ouma anajua shule zote kubwa za Kenya na hajawahi kuingia hata moja. Yeye ni fundi wa masanduku ya bati huko Kibera, yale watoto wa bweni hubebea nguo, na kila Januari huandika majina ya shule kwa brashi mpaka mkono unakufa ganzi. Ukimuuliza shule gani nzuri, atakujibu kama profesa: "Ile ambayo wazazi huagiza kufuli mbili."

Msichana wetu Adhis yuko Gredi ya Tisa, na kichwa anacho, si sifa za mama. Likizo ya Aprili alikuja na fomu ya kuchagua shule ya mwakani, irudi Jumatatu shule zikifunguliwa. Ouma hakuisoma hata. Kwake nafasi ya kwanza ilikuwa ya shule ile kubwa ya bweni; jina silitaji, wenyewe wana mawakili. Mimi nilitaka ya kutwa, ile ya hapa karibu, Satellite, mtoto alale kwao.

"Ya kutwa? Mama Adhis, mtoto ana akili hivi unampeleka kusoma nyuma ya bucha?"

"Bucha imekukosea nini?"

Kumbe mwanamume alishamaliza. Ijumaa alifika nyumbani Kawangware na sanduku jekundu begani, limeandikwa jina la Adhis, na chini yake jina la shule. Mtihani mtoto hajafanya, serikali haijamwita, sanduku limeshapata nafasi! Plot nzima ya wapangaji ilitoka kulitazama. Boaz wa mlango wa tatu, mzee wa kanisa, akaliwekea mkono na kuliombea. Sanduku!

Nami niseme ukweli, maana nimeshaanza. Nyumbani nilikuwa napinga, lakini pale stejini 56 ninapokaanga samaki nilikuwa nimemwambia Mercyline wa saluni kwamba wangu anaenda huko. Nilimwambia mara tatu. Adhis naye tulimuuliza, msidhani hatukumuuliza. Alisema, "Mtaamua tu," nasi tukasema mtoto ana adabu.

Jumamosi nilimpelekea Ouma chakula kazini. Siku hizo wazazi huleta masanduku yaliyobonyea yanyooshwe kabla shule hazijafunguliwa. Yalikuwepo kama kumi, mengi ya shule ile ile. Nikafungua moja nione kama ni tupu, nilikalie. Ndani ya kifuniko mtu alikuwa amekwaruza mistari kwa msumari, mitano mitano, safu kwa safu, na chini yake ameandika: Zimebaki siku 43. Nikafungua la pili, limeandikwa: Mama nilikuambia. La tatu nilisoma nusu nikalifunga.

"Baba Adhis, hii ni nini?"

"Watoto hao." Hakuinua macho. "Napiga msasa, napaka rangi, linarudi jipya."

"Tangu lini?"

"Ni kazi, Nereah." Akiniita Nereah, ujue amebanwa.

"Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu zamani. Lakini hao hao ndio hupita mtihani, hiyo si uongo."

Wueh! Nilicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. Niliondoka nikasahau hata sahani zangu.

Jumapili jioni fomu ilikuwa mezani, na sanduku chini ya dirisha, jekundu kama harusi. Usiku uliotangulia Ouma hakuwa amelala. Nilijua kwa sababu mimi pia sikulala. Alikohoa kama mwenyekiti wa mkutano, akamwambia Adhis kuna jambo kuhusu shule ile ambalo baba mtu alipaswa kumwambia mapema. Akaeleza habari ya vifuniko, akijikwaa.

"Najua," Adhis akasema. "Si mimi hukusaidia kupiga msasa kila likizo?"

"Umevisoma?"

"Vyote. Tangu Gredi ya Sita."

"Na umenyamaza!" nilifoka. "Mdomo si unao?"

Alitutazama mmoja baada ya mwingine. Hasira hakuwa nayo, na afadhali angekuwa nayo.

"Nilidhani mnajua," akasema. "Nilidhani mnajua, na mmeamua niende tu."

Mimi, Nereah, ninayeogopwa na wateja wote wa 56, nilianza kupangusa meza iliyokuwa safi. Ouma alisukuma fomu mpaka mbele ya mtoto, akampa kalamu. Adhis akaandika ile ya Satellite, nafasi ya kwanza, kwa herufi ndogo ndogo, huku akituangalia kama mtu anayeogopa tutabadili mawazo.

Ouma aliinuka, akatoa msasa mfukoni mwa ovaroli, akachuchumaa mbele ya sanduku na kuanza kufuta jina la shule. Adhis akamtazama kidogo. Kisha akaomba kipande, akachuchumaa kando yake, wakafuta pamoja. Kazi hiyo walikuwa wameizoea.