Mapazia ya Kiti cha Nyuma

Oketch alikuwa mtu wa mkono wa birika. Miaka yote ya ndoa yao, Perez hakuwahi kumwona akinunua kitu bila kwanza kuuliza kama hakuna cha bei ya chini. Viatu vyake vya kanisani alikuwa amevipeleka kwa fundi mara nyingi hata fundi akamwomba avipe mazishi. Kwa hiyo siku ile, ndani ya duka la magari la Kisumu, alipomsikia akisema, "Sisi tunataka ile ya juu kabisa," Perez alisikia kitu kikimtembea mgongoni.

Gari lenyewe hakuwa na ugomvi nalo. Walikuwa wamekubaliana. Yeye na vizimba vyake vya samaki ziwani, mume na kandarasi zake za barabara, walikuwa wamefika umri wa kukalia kitu laini. Kilichobaki ni kuchagua ngazi, maana gari lile liliuzwa kwa ngazi tatu. Umbo ni moja, injini ni moja, tofauti ni vilivyomo ndani.

Aliyekuwa akiwaeleza ni Trupti, binti wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu hii hii, mwenye Kiswahili cha haraka na vidole visivyotulia.

"Ya kwanza ina kila kitu mtu anahitaji, Bi Perez. Viti vya ngozi, ubaridi mbele na nyuma. Ya pili inaongeza viti vya kukukanda mgongo ukichoka, na redio ya nguvu. Watu wengi hapa wanachukua ya pili."

"Na ya tatu?" Oketch akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

"Ya tatu ni ya wakubwa wanaoendeshwa. Mlango wa nyuma ukiurudisha kidogo, unajivuta wenyewe. Mapazia ya nyuma yanapanda kwa kitufe. Na hiki kioo cha dereva hapa juu si kioo, ni kamera. Kinaonyesha barabara ya nyuma tu. Hata ukijaza magunia mpaka darini, wewe unaona barabara."

Oketch akaingia kwenye usukani. "Hebu kaa hapo nyuma yangu," akamwambia Trupti. Binti akakaa. "Sasa mimi nikiangalia hapa, nakuona?"

"Hunioni."

"Na wewe unaona macho yangu?"

"Naona kisogo tu, Bwana Oketch."

"Hata ukijinyanyua?"

"Hata nikijinyanyua."

"Vizuri," akasema Oketch. "Vizuri sana."

Perez alikuwa amesimama mlangoni, mkoba ameubana kwapani. "Baba Winny, kwani tangu lini tuna dereva?"

"Hatuna."

"Basi mapazia ni ya nani?"

"Ni ya jua."

"Jua la Kisumu siku hizi linapiga watu wa nyuma peke yao?"

Trupti akatoa kitambaa akaanza kufuta vumbi ambalo halikuwepo.

Shaka hilo halikuzaliwa pale dukani. Lilikuwa limelala nyumbani kwao muda, kama paka wa jirani ambaye hujui aliingia lini. Lilianza Oketch alipopata kazi ya barabara kule Pap Onditi, Nyakach. Kila akirudi, Perez akiingia kwenye gari lao kuukuu, alikuta kile kioo cha katikati kimegeuzwa kinatazama juu darini. Mara ya kwanza akasema ni vijana wa kuosha magari. Halafu akaona alama ya kiatu nyuma ya kiti cha dereva, kiatu kidogo cha kike, tope jeusi la Nyakach limekauka juu ya zulia. Halafu Oketch akarudi na ubavu wa gari umekwaruzwa, akasema lori la miwa la Muhoroni lilikuwa likimpita na hakuliona likija. Dereva wa miaka mingi, na lori la miwa lina ukubwa wa nyumba. Macho yalikuwa wapi?

Na kilichomchoma Perez zaidi ni kwamba Pap Onditi ndiko alikozaliwa. Mwanaume akitaka kutoka nje, dunia ni pana. Lakini kwenda kutafuta mwanamke katika soko ambako kila muuza nyanya anamjua mkeo tangu akiwa na meno ya utoto, hiyo si tamaa tena, hiyo ni dharau. Mwanamke mwenyewe anakaa nyuma kama bibi harusi, na sasa anataka kununuliwa mapazia. Tena nusu ya mapazia hayo yatalipwa na samaki wa Perez.

"Tutachukua ya pili," Perez akasema.

"Ya tatu," Oketch akajibu, bado ameshika usukani.

"Ya pili, au mimi siweki sahihi. Gari ni letu wawili."

Oketch akaangalia saa ya mkononi. "Mama Winny, tuamue haraka. Kuna mtu ananingoja."

"Mtu gani?"

"Wa kazi."

"Wapi?"

Akakohoa. "Huko huko saiti."

Perez akatabasamu, lile tabasamu analowapa wanunuzi wa samaki kabla hajakataa bei yao. "Basi twende tukalijaribu gari mpaka huko huko saiti. Barabara ya Pap Onditi itatuambia ni gari au ni sanduku. Na tukiwa huko tupite kwa mama aone tunachonunua."

"Kwa mama?" Oketch akageuka. "Nitamtokea maro namna hiyo, ghafla? Hata wewe unajua haifai."

Kweli haifai. Mjaluo na maro wake, yaani mama mkwe, huheshimiana kwa kuwekeana umbali. Hawapeani mikono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja, hawakaziani macho. Siku hizi wengi wameachia, lakini Oketch aliyashika mambo hayo kuliko alivyozishika Amri Kumi. Kwenye harusi ya binamu ya Perez, yeye alikula nje, karibu na majenereta, kwa sababu mama mkwe alikuwa ndani ya hema.

"Utabaki kwenye gari," Perez akasema. "Mimi ndiye nitashuka."

"Acha nimpigie mtu wa saiti kwanza."

"Weka simu. Unaendesha."

Trupti akasema kwa kawaida wanafika Ahero tu na kurudi. Perez akamwuliza kama mnunuzi wa ngazi ya tatu anapimiwa barabara kama mafuta ya taa. Trupti akacheka, akachukua mkoba wake, akakaa mbele kushoto. Perez akakaa nyuma, upande wa kushoto, akabonyeza kile kitufe. Mapazia yakapanda taratibu, na ndani kukawa kama stoo.

Gari lilipoondoka, Perez akajiegemeza. Alitaka kuonja mwenyewe jinsi mtu anavyokaa humo. Alitazama kile kioo cha kamera, akaona matatu ya nyuma yao, akaona mashamba ya mpunga ya Ahero yakirudi nyuma, lakini uso wa mumewe hakuuona. Hata ungelia humo, aliyeko mbele asingejua. Kila Oketch alipoinama kidogo kuangalia saa, Perez alihesabu hilo kuwa ushahidi. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa akikipikia kila siku.

Walipopita Katito, jasho likaanza kumtoka Oketch, na kiyoyozi kinafanya kazi.

Kwa Jacinta, mama yake Perez, hawakufika hata kubisha. Mama alikuwa tayari amesimama nje ya lango, amejifunga leso mbili, mkoba mkononi, viatu vya kutokea miguuni. Perez akashangaa. Nani amemwambia tunakuja? Oketch alisimamisha gari kimya, mikono yote miwili juu ya usukani, kama dereva aliyesimamishwa na polisi.

Mama Jacinta akaufuata mngurumo mdogo wa injini. Akaweka kiganja juu ya bodi la gari, akatambaa nalo mpaka kwenye mshikio, akafungua mlango wa nyuma upande wa dereva, akaingia. Mlango ukajivuta wenyewe. Akageuza uso kwenye pazia, kama inavyompasa mtu aliye na mkwe wake, akavuta leso mpaka kwenye paji.

"Umechelewa, baba," akaliambia pazia. "Na leo umekuja na gari jingine. Hili limenyamaza sana. Shika ile njia ya chini, usipite sokoni. Watu wa Perez wako huko leo, wakituona watampelekea."

Mama Jacinta akapakata mkoba wake.

"Na yule daktari wa macho akisema tena nihamie karibu na hospitali, mwambie mimi sina mtu Kisumu."

Perez alikuwa ameketi mkono mmoja tu kutoka kwake.

Trupti akageuka, macho yamemtoka. Perez akamwonyesha kidole mdomoni. Akanyoosha mkono, akaupunga karibu na shavu la mama yake. Mama hakupepesa. Akausogeza mbele kidogo, bado. Mkono ulipofika katikati, mbele ya pua kabisa, ndipo mama akashtuka akarudi nyuma.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama."

Mama akaivuta leso chini zaidi. Kisha mama akasema, bado kwa pazia, "Oketch, umenisaliti." Perez hakuwahi kumsikia akilitamka jina hilo.

"Sikusema neno, Mama," Oketch akauambia usukani. "Amekuja mwenyewe. Alifikiri namfuata mwanamke huku."

"Basi amempata," mama akasema.

Trupti akabana mdomo kwa mkono, kicheko kikamtokea puani.

Perez hakucheka. "Tangu lini, Mama?"

"Kabla ya mvua ndefu. Wanasema ni presha ya macho. Pembeni kumezimika, mbele bado naona, kama mtu anayechungulia ndani ya chupa."

"Ukamwambia mkwe. Mimi uliyenizaa ukaniacha."

"Yeye alinikuta nimeanguka kwenye mtaro wake wa barabara. Na wewe ningekuambia nini? Wewe ukisikia kikohozi unaleta lori la kubeba vyombo. Mimi nikalale wapi Kisumu, chini ya paa la mkwe wangu? Nyakach nzima ingekula hiyo habari na ugali. Huyu hawezi kunihamishia kwake, na hawezi kunikatalia. Ndiyo maana nikamwapisha yeye."

"Mngechukua teksi."

"Madereva wote wa teksi hapa ni wa kwenu," Oketch akasema. "Siku ya pili ungejua. Nikaendesha mwenyewe. Sasa kile kioo kikiwa sawa, tunakutana macho. Nikakigeuza juu. Ndivyo lori la miwa lilitaka kutumaliza."

Walikwenda hospitali na gari la watu, mama akishikwa mkono na binti yake hadi ndani, wakibishana mlangoni, wakibishana kwenye benchi, wakibishana mbele ya daktari. Mama hakukubali kuhama. Perez naye hakukubali kuambiwa hana sauti. Walimrudisha kwake, wakaachana wamenuniana, lakini siku ya kurudi kliniki Perez aliijua sasa.

Jua lilikuwa limeshuka walipofika tena dukani. Trupti akaketi mezani. "Kwa hiyo ni ya tatu? Kwa ajili ya Mama?"

"Ya pili," Perez akasema. "Kuanzia sasa nitampeleka mimi. Mimi ni mtoto wake, nitamtazama mpaka achoke."

Oketch akakuna kidevu. "Kama ni hivyo, hata ya kwanza inatosha."

Perez alitaka kucheka, na akaona hawezi. Tangu Pap Onditi alikuwa akingoja moyo utulie, na ulitulia nusu. Mwanamke hayupo, sawa. Lakini mwanaume huyu alikuwa amekula naye, amelala naye, ameomba naye kabla ya chakula, miezi na miezi, na jambo zito hivi kifuani, wala uso haukutikisika hata kidogo. Amefanya kwa wema, ndiyo. Na mtu anayeweza kuficha wema hivyo, hakosi kujua kuficha mengine.

"Baba Winny, kuna kingine?"

"Kingine gani?"

"Unachonificha."

Oketch akamtazama, uso mtulivu kama maji ya ziwa asubuhi. "Hakuna."

Perez akaushika uso huo kwa macho kitambo kirefu, akitafuta mkunjo asiuone. Kisha akaweka sahihi, kwa ile ya pili.

"Funguo ni mbili," Trupti akasema, akizitoa kwenye sanduku lake. "Moja yako, moja ya Bwana."

"Nipe zote mbili," Perez akasema, akafungua mkoba wake. "Kwa sasa."