Mwenzake wa Upande wa Pili wa Mti

Pikipiki ilizimika tena katikati ya kilima, na Custódio akaipiga kiki huku akiitukana kama mtu anayegombana na punda. Asubuhi hiyo hata kahawa hakuinywa. Kifua kilikuwa kikiwaka hasira tangu jana jioni, msimamizi alipomwambia kwamba msimu huu atachuna na mgeni, maana Belmiro ameacha kazi.

Ameacha! Tangu ujanani walichuna wawili, yeye upande huu wa mti, Belmiro upande ule, wakibandua kwa shoka magome ya kutengenezea vizibo vya divai, bila kuujeruhi mti. Leo mtu kama huyo anaacha kazi kwa kumtuma msimamizi? Na simu hapokei?

Barabara ya lami aliikwepa kwa kuogopa polisi. Taa haikuwaka, bomba la moshi lilikuwa limetoboka, na ngurumo ilimtangulia vijiji viwili. Akapita njia za mashambani, vumbi likimwingia mdomoni, maneno atakayosema akiyapanga na kuyapangua. Kwenye kijito kondoo wakatawanyika.

"We Custódio!" bibi aliyekuwa akiwachunga akafoka. "Unawahi maziko yako?"

"Ya mtu mwingine, mama!" akajibu bila kupunguza mwendo.

Alipoingia kwa Belmiro mbwa walibweka, kuku wakarukia ukutani, na Otília, mke wa Belmiro, akatoka jikoni ameziba masikio. Belmiro mwenyewe alikuwa ameinama bustanini, akifunga minyanya kwenye fito, mgongo ameuelekeza langoni.

Hakugeuka.

Custódio akazima injini. Maneno yote ya njiani yakamtoka kama maji kwenye tenga.

"Tangu lini hasikii?" akamuuliza Otília polepole.

"Kabla ya baridi, shemeji. Mguse bega, atakuona."

Belmiro alipoguswa alishtuka, akatabasamu, kisha akaelewa kwamba siri imeshatoka.

"Shoka halisemi nami tena," akasema, kwa sauti kubwa mno. "Zamani nikilipiga na kulizungusha, gome linalia, najua limeachia. Msimu uliopita nilikuwa nakisia tu. Nusura nikukate vidole, nawe unapiga soga!"

"Si ungeniambia!"

"Nini?"

"Ungeniambia, mpumbavu wee!"

"Hilo la mpumbavu nimelisoma mdomoni." Belmiro akajifuta mikono surualini. "Angalau nimepumzika na kelele zako. Huyo mgeni namwonea huruma."

Otília alipoleta supu baridi na mkate, Custódio akala amesimama, akizungukazunguka kati ya matuta, akikaza kamba ambazo Belmiro alikwisha kuzikaza. Mwishowe akasema anaondoka.

Alipopiga kiki, Belmiro akatua bakuli, akapanda nyuma bila kualikwa.

Custódio akamgeukia. "Wapi?"

Belmiro akanyoosha kidole kule njia inakoingia msituni.

Wakaenda. Custódio akaanza kusimulia kisa cha kasisi na nguruwe, kilekile cha kila msimu. Injini ikakimeza, hata yeye mwenyewe hakujisikia. Akaendelea. Alipofika pale kasisi anapoangukia zizini, akahisi kifua cha Belmiro kikitikisika mgongoni mwake. Huenda ni kicheko. Huenda ni mawe ya njia. Hakugeuka kutazama. Akapunguza mwendo, akaanza kisa kingine.