Miguu katika Picha ya Pili

Walikuwa wameshaipita Maneromango, wanaitafuta Mzenga, kanga ilipoanza kulegea, na Ashura akamwambia bodaboda asimame ili amfunge marehemu upya. Alikuwa amembeba mgongoni kama abebwavyo mtoto, fundo moja begani na jingine kifuani. Marehemu hakuwa mzito. Alikuwa mumewe, Khalfani, mkulima wa Marui, aliyezikwa mwaka juzi bila miguu, na tangu azikwe hajapata usingizi.

"Mfunge vizuri, mama," bodaboda alisema. "Trafiki wakiniona na mishikaki, abiria wawili kwa mpigo, wananilaza ndani."

"Huyu si abiria. Ni maiti."

"Sawa, ila helmeti ya abiria ninayo moja."

Khalfani akasema helmeti avae mkewe, kwa sababu kichwa chake yeye hakina tena cha kuogopa. Ashura akaivaa. Mkononi alishika mfuko wenye viatu vya plastiki, yeboyebo mpya za kiume, na safari ikaendelea kwenda Mlandizi, kisha Kibaha.

Miguu ilipotea hivi. Mradi wa kuchunguza mbu ulipiga mahema Marui msimu mmoja wa mvua, na Khalfani akachukuliwa kuwa mtegaji. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye kigoda, suruali imekunjwa hadi magotini, tochi mkono mmoja, mrija mdomoni. Mbu akitua mguuni unamvuta kwa mrija, unampuliza kikombeni. Chambo ni wewe mwenyewe. Watu wa mradi waliwapa wategaji dawa ya kuzuia homa, na walikuwa waungwana, hawakumfokea mtu. Dokta mmoja alimpiga Khalfani picha akiwa kazini. Alipiga kuanzia magotini kwenda chini, akaeleza kuwa sura haitakiwi, ni kwa ajili ya kumlinda.

Mradi ulipofunga virago, dawa nazo zilifunga virago. Mbu hawakuambiwa. Homa ikampanda Khalfani, ikamshinda.

Waoshaji walipofunua shuka walikuta miguu inaishia magotini. Hapakuwa na damu wala kidonda, pamejifunga laini kama kitako cha kibuyu. Hakuna aliyeshtuka, maana msibani walikuwepo watani, Wasukuma na Wanyamwezi waliolowea Kisarawe, na watani msibani huficha vitu. Huficha jembe, hulala kaburini wakakataa kutoka mpaka wapewe chochote. Familia ikaona safari hii wameficha miguu. Wakawapa jogoo. Watani wakamchukua jogoo, wakasema miguu hawana. Watu wakacheka, wakaongeza unga. Watani wakachukua na unga, wakaapa kuwa hawana. Hivyo hivyo mpaka alasiri, wakati gari la mradi lililokuwa limerudi kuchukua masalia lipo Maneromango linapakia majenereta. Watani wenyewe walipoanza kulia, ndipo ilipoeleweka kuwa miguu imechukuliwa na mradi. Gari lilikuwa limeshaondoka. Khalfani akazikwa alivyo.

Tangu hapo alikuja kila magharibi, anatembelea magoti, anagonga mlango kwa adabu. Malalamiko yake yalikuwa yale yale. Miguu inasikia baridi, tena si baridi ya udongo, ni ya kiyoyozi. Na watu wanaongea Kiingereza karibu nayo. Nesi wa zahanati aliposikia habari hizo alisema basi miguu iko kwenye jarida. Utafiti ukiandikwa huwekwa kwenye hifadhidata, na hifadhidata unaifungulia kwenye kompyuta za chuo kimoja pale Kibaha. Aende maktaba.

Maktaba ilikuwa na kijana aitwaye Dotto, ametoka Shinyanga, ndiye anayewaonyesha wanafunzi namna ya kutafuta makala. Alimsaidia Ashura kufungua mafundo, akamkalisha Khalfani kwenye kiti cha magurudumu madogo mbele ya kompyuta ya tatu.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe mtu wa wapi?"

"Msukuma, mama."

"Aa, mla michembe ya viazi," Khalfani alisema. "Mtani wangu. Nirudishie miguu yangu."

"Nyie Wazaramo hamna haya. Mtu kafa, bado anadai miguu akachezee mdundiko."

"Ningekuwa nayo ningekupiga teke."

"Ndiyo maana tuliificha," Dotto alisema, kisha akaona uso wa Ashura, akavuta kiti. "Mama, safari hii si sisi. Ngoja tuitafute."

Kwanza aliliandika jina la Marui, akaacha mashine itafute sehemu zote. Lilikuwa kosa. Vikaja vitu vingi kuliko chumba kinavyoweza kubeba: mihogo yenye ugonjwa, maji ya Ruvu yanayochuruzika toka mezani, ng'ombe wawili wa Magindu ambao mwanafunzi mmoja aliwasogeza ili apite. Dotto akafuta. Alieleza kuwa kila makala ina sehemu zake, na kitu kikiwa sehemu moja hakisikii ukikiita kwenye nyingine. Inabidi uite pale kinapokaa.

Akaita kwenye sehemu ya mwandishi, kwa jina la Khalfani. Wakaja Khalfani watatu, wote wamevaa suti, mmoja daktari wa meno. Wakampa Ashura shikamoo, wakamtazama mwenzao asiye na miguu, wakasema hawamfahamu, wakarudi.

Akaita kwenye sehemu ya kichwa cha makala. Pakaja sentensi ndefu kuhusu tabia ya mbu kuuma, haina mtu ndani.

Akaita kwenye muhtasari. Mbu wakatoka kwenye skrini, wachache, wakamzunguka Khalfani wakitafuta pa kutua, wakakosa, wakaenda kwa wanafunzi.

"Ndio hao," Khalfani alisema. "Nawajua."

"Basi makala ni hii hii," Dotto alisema. "Wewe uko sehemu gani humu, mzee? Fikiri. Walikuandika au walikupiga picha?"

"Walinipiga picha."

Dotto akachagua sehemu ya maelezo ya picha. Akaandika neno la Kiingereza la miguu. Ikaja miguu ya meza, miguu ya mbuni, miguu ya askari wa vita ya zamani ikiwa bado kwenye buti. Akaongeza mstari wa pili, jina la Marui, akabana na mwaka. Vyote vikaondoka, ikabaki miguu miwili tu. Ilishuka toka Picha ya Pili, ikasimama kwenye vigae, na tope la Marui kwenye vidole. Mguu wa kushoto una kovu la jembe. Kidole gumba cha kulia hakina ukucha.

Chini ya picha paliandikwa: miguu ya mtu wa kujitolea wakati wa zoezi.

Ashura aliifuta tope kwa ncha ya kanga, akaisogeza chini ya kiti. Magoti yakaipokea. Khalfani alisimama, akashika meza, akaiachia. Alikuwa mrefu, Ashura alikuwa amesahau. Akatoa yeboyebo, akamvalisha, akamwambia, "Baba Firdausi, twende nyumbani ukalale."

Walikwenda mpaka getini, Dotto yuko nyuma yao. Pale kwenye mstari wa uzio miguu iligoma. Khalfani alisukuma, mlinzi naye akamsaidia kusukuma, lakini miguu ikachomoka magotini taratibu, ikageuka, ikaziacha yeboyebo pale pale na kurudi maktaba peku. Dotto akasema alilihofia hilo. Chuo kimejiunga na hifadhidata kwa matumizi ya ndani ya uzio tu. Nje ya hapo haifunguki.

"Nani anaweza kuiachia?" Ashura aliuliza.

"Wenye makala."

Mwandishi wa kwanza wa makala alikuwa anafundisha chuo hicho hicho. Walirudi maktaba, na Dokta Laurean akaja amebeba kikombe chake cha chai, akamwamkia Ashura, akampa pole Khalfani kwa kufariki. Alimkumbuka. Alisema alikuwa mtegaji hodari, hasinzii.

"Basi niachie miguu," Khalfani alisema.

"Mzee wangu, kuondoa picha kunataka mwenye picha athibitishe kuwa ni yeye."

"Ndiyo mimi. Kovu lile nilijikata na jembe."

"Naliona kovu. Lakini kwenye makala hakuna jina wala sura. Tulihakikisha hakuna mtu atakayeweza kuthibitisha miguu ni ya nani. Ndiyo maadili yenyewe. Tulikulinda."

"Mlimlinda na nani?" Ashura aliuliza.

Dokta alifikiri kwa uaminifu kabisa, chai inapoa. "Na watu wasiomhusu," alisema.

"Mimi ni mkewe."

"Kwenye makala, mama yangu, hana mke."

Aliahidi kuwaandikia wahariri. Aliandika kweli, hapo hapo, Dotto akishuhudia. Jibu lilikuja kabla chai haijaisha, kwamba ombi limepokelewa na picha haina kasoro.

Ilibaki njia moja. Dotto alisema kwa haki yake ya utani anaweza kumchimbia Khalfani kaburi nyuma ya maktaba, ndani ya uzio, akalazwa na miguu yake. Khalfani aliuliza kompyuta ikizimwa itakuwaje. Dotto akasema miguu itarudi pichani hata kama iko chini ya udongo. Pia kuna watu nchi nyingine, wakifungua makala, miguu itaondoka kwenda kwao. Walipokuwa bado wanaongea iliondoka kweli, ikakawia, ikarudi na majani makavu ya mti wasioujua.

"Sasa hapo utakuwa umenizika au umenipangisha?" Khalfani alisema.

Dotto alikaa chini kwenye vigae, akalia kama walivyolia watani wa Marui. Ndipo Khalfani alipopewa miguu mara nyingine, akazunguka uwanja wa chuo mara kadhaa, mkewe ubavuni, wanaongea mambo ya shamba. Saa ya kufunga maktaba ilipofika miguu ilirudi pichani, Ashura akapiga magoti, Khalfani akapanda mgongoni, mafundo yakafungwa. Yeboyebo aliziokota getini.

Makala ile inasomwa sana. Dokta Laurean amekuwa profesa, na mradi wake sasa uko Magindu, ambako watu wanakunja suruali hadi magotini na kupewa dawa mpaka siku ya mwisho ya mradi. Picha ya Pili imewekwa kwenye jalada la kitabu. Bodaboda alikamatwa Mlandizi kwa mishikaki, akaachiwa.

Dotto alikuwa akiifungua makala kila asubuhi kwenye kompyuta ya tatu, akaitembeza miguu uwanjani ili isikakamae. Kisha chuo hakikulipia tena hifadhidata, na Kibaha miguu haiji. Dotto amehamishiwa Shinyanga, kwao. Kila Idi humpigia Ashura simu na kumtukana kitani, na Ashura humjibu.

Khalfani bado anakuja magharibi, kwa magoti. Anasema siku hizi miguu inakanyaga kitu cheupe, cha baridi, kinachopondeka. Ashura humpisha kwenye mkeka, humfunika alivyo, na wote wawili hukesha. Yeboyebo ziko mlangoni, zimeelekezwa nje, na udongo wa Kibaha umekaukia kwenye nyayo.