Mvivu Mwana wa Mvivu

Mama mkwe alivuta shuka kwa nguvu, likabaki mkononi mwake, na mwanawe, fundi wa ujenzi, kitandani asitikisike.

"Amka! Wenzako wako kazini! Mtoto wa nyoka ni nyoka. Hata baba yako alikuwa hivi hivi!"

Mke wa fundi alijitia kati, mikono kiunoni. "Mama, huoni hata kugeuka hawezi?" Loo, mtu ashinde juani akipandisha matofali, kisha aitwe mvivu! Na anayemtukana ndiye aliyempakulia jana usiku wali kama kichuguu, na chai ya sukari tele juu yake, eti apate nguvu. Mara hii mke hakubembeleza mtu. Aliita majirani, wakambeba fundi hadi hospitali, mama mkwe akifuata nyuma huku akisonya.

Daktari alipima damu, akarudi na jibu.

"Huyu si mvivu. Utando wa kila seli ya msuli una vijilango. Chumvi za mwili hupita humo kwa zamu, ndipo msuli upate amri ya kukaza. Vyake vina kasoro. Akichapa kazi, kisha akashindilia wanga kama wali na kulala, potasiamu, moja ya chumvi hizo, hukimbilia ndani ya seli, vijilango vinakwama, amri haipiti. Tumeshampa dawa, atainuka."

"Umesikia, mama?" mke alifoka. "Kumbe ni wali wako! Usiku sahani, asubuhi matusi! Haya, sema sasa!"

Mama mkwe aliacha kusonya. Alimgeukia daktari. "Vijilango hivyo, mtu huzaliwa navyo?"

"Ndiyo. Mara nyingi hurithi kwa mzazi."

Mama mkwe alikaa chini, pale pale sakafuni.

"Mume wangu nilikuwa nikimmwagia maji," alisema. "Maji baridi, usoni. Ananitazama tu, hata kujipangusa hajipangusi. Nikamwita jeuri. Mpaka anazikwa, nilimwita jeuri."

Mke alikuwa na maneno mengine, makali zaidi, aliyoyanoa tangu siku ya arusi yake. Hasira alikuwa bado nayo, lakini sasa hakujua amtupie nani.

Kidole cha fundi kilicheza. Mama mkwe ndiye aliyekiona kwanza. Alinyoosha mkono, akaurudisha.

"Mshike wewe, mwanangu," alimwambia mke.