Ngozi Isiyonuka Ng'ombe

Kwetu Kakesio, siku ng'ombe wanapopigwa chapa, unajua kwa pua kabla hujafika zizini. Chuma chekundu kikigusa ngozi, hewa yote inanuka nywele zilizoungua. Nimekua na harufu hiyo. Ndiyo maana Jumatatu ile, mashine ya leza ilipoanza kukata mali mpya kwenye karakana yetu Karatu, haikunichukua hata dakika kujua kwamba tunauza uongo.

Nina stashahada ya ufundi mitambo. Chuoni walitufundisha leza kama watu wanavyofundishwa dini. Gesi ndani ya bomba la kioo inapigwa umeme, inatoa mwale usioonekana kwa macho, vioo vinaurusha hadi kwenye kichwa cha mashine, kisha lenzi inaukusanya uwe nukta nyembamba kama unywele. Pale kwenye nukta hakuna makali yoyote. Kitu kinaungua tu, kinageuka moshi, na mstari unabaki. Walituonyesha picha za viwanda vinavyokata mabati ya magari, vyuma vya meli, vitambaa vya maelfu ya mashati. Mimi nikaja kukata twiga wa kuning'iniza funguo, na bangili za watalii.

Bangili zilikuwa za ngozi ya ng'ombe. Kila moja ilifungwa kikaratasi: "Ngozi halisi ya Ngorongoro." Jumatatu hiyo bosi wetu, Wilibrodi, alileta marobota mawili ya ngozi nyeusi kutoka Arusha. Mwale ulipoigusa, sikunusa zizi. Nilinusa kitu kikali, kama dawa ya kung'arishia nguo iliyomwagwa motoni.

"Bosi, hii si ngozi. Ni plastiki."

"Wewe Mmasai, kila kitu lazima kinuke ng'ombe?" Alicheka peke yake. "Kata. Loji wanataka bangili zao Ijumaa."

"Na feni ya kuvuta moshi imekufa."

"Dirisha si lipo?"

Nikafungua dirisha. Nikakata.

Jumanne mchana nilipasha waya wa shaba, nikaugusisha kwenye kipande cha ile "ngozi", nikaurudisha motoni. Moto ukawa kijani. Kijani ni klorini. Plastiki ya namna hiyo, leza ikiiunguza, hutoa gesi ambayo ikikutana na unyevu wa kifuani inageuka tindikali. Nikampelekea Wilibrodi ule waya, nikamweleza yote. Akanitazama kama niliyemletea panya.

"Kiswahili chako cha chuoni kiweke kabatini. Malizia oda."

Nikaendelea kukata. Aliyeokota vipande mezani, uso juu ya moshi, alikuwa Germana wa Endabash, ambaye hakuwahi kukaa nusu saa bila utani.

"Dada Nashipai, mashine yako leo imekula pilipili," alisema akifuta macho.

Jumatano hakutania. Alikohoa mpaka akakaa sakafuni, midomo ikabadilika rangi. Nikabonyeza kitufe chekundu cha kuzima mashine, nikampakia kwenye bodaboda, nikamshikilia kwa nyuma hadi hospitali. Daktari akauliza amevuta nini. Nikamwambia yote, hadi jina la plastiki. Germana alipoweza kunitazama, nilimwomba radhi kwa bangili zote nilizokata baada ya ule moto wa kijani. Alinifinya kidole. Kuongea hakuweza.

Alhamisi asubuhi Wilibrodi alituita wote karakanani. Alikuwa ameifungua mashine. Reli zake zilizong'aa wiki iliyopita zilikuwa zimeota kutu kwa tindikali ile ile, na lenzi ilikuwa na ukungu. Alizipapasa reli kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayempapasa mgonjwa wake.

"Mashine yangu," alisema. "Mashine yangu jamani." Kuhusu Germana hakuuliza.

Kisha akanigeukia. "Umeniaibisha mbele ya daktari. Utarudi kule useme ulikosea, huyo binti ana pumu ya kwao. Na hapa, mbele ya wenzako, utaniomba msamaha. Hutaki, chukua begi lako."

Jackson, anayepeleka mali kwenye loji, akaninong'oneza: "Dada, sema tu samahani yaishe. Neno moja, kesho tuko kazini."

Robota la pili lilikuwa limeegemea ukuta, halijafunguliwa. Kiti cha Germana kilikuwa palepale mezani.

"Bosi," nilisema, "Germana yuko kwenye oksijeni. Anatibiwa alichovuta kwa sababu nilikitaja. Nikisema ni pumu, watamtibu pumu. Na akipona utamrudisha kwenye kile kiti."

"Sijakuuliza hayo. Unaomba msamaha au huombi?"

"Siombi."

"Nashipai!"

"Sikukosea kusema. Siombi msamaha, si leo, si kesho."